Ziwa Lipo Karibu, Shamba Linakauka

SOMO LA KILIMO NA HESABU



Mwaka ambao mvua za masika zimekatika mapema, simama ufukweni mwezi wa tano utazame. Mbele yako ni maji matupu mpaka macho yanachoka. Geuka nyuma. Hatua mia tatu tu kutoka hapo mahindi yamejikunja majani kama sigara, na mengine yamekauka kabla ya kubeba. Mgeni akiona hivyo hucheka. Eti watu wanalia njaa na maji yako mlangoni!

Mgeni huyo hajawahi kubeba ndoo. Hebu tuchukue kalamu na daftari tumfanyie hesabu.

MAJI YANAYOTAKIWA

Bustani ya mboga katika jua letu la kiangazi hutaka maji yenye kina cha milimita 5 hivi kila siku. Tazama rula. Milimita 5 ni nusu ya sentimita moja. Ni kidogo sana, si ndiyo? Lakini maji hayo ni ya kutandazwa shamba zima. Ukimwaga maji ya kina cha milimita 5 juu ya mita moja ya mraba, umemwaga lita 5. Eka moja ina mita za mraba 4,000 na kidogo. Basi:

4,000 × 5 = lita 20,000.

Ndoo yetu ya kawaida inachukua lita 20. Gawanya 20,000 kwa 20. Jibu ni ndoo 1,000. Hiyo ni eka moja, siku moja.

Tuseme mama hana eka nzima, ana robo eka ya nyanya na mchicha. Atataka ndoo 250. Kama kwenda ziwani, kuchota, kurudi na kumwagilia kunachukua dakika 10, zitakuwa dakika 2,500. Gawanya kwa 60 upate saa. Ni saa 41 na dakika 40, na siku ina saa 24 tu! Hapo hajapika, hajanyonyesha, hajaenda kisimani wala zahanati.

Ndiyo maana mama huyo analima pale pale maji yanapogusa udongo. Si ukaidi. Ni hesabu. Akisogea juu hatua mia moja, bustani imekufa.

MITA 60

Sasa hapo ndipo anapokutana na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Mita 60 ni kama hatua ndefu 60 za mtu mzima. Lakini usipime kwa hatua mambo yakiwa mazito. Tumia kamba iliyopimwa, na mwenyekiti wa kitongoji awepo.

Wengi wanaijua sheria hii siku mboga zinapong'olewa. Ni vibaya kuijua hivyo, na mimi nasema wazi kwamba kung'oa bila kufundisha hakumsaidii mtu wala ziwa. Lakini sababu za sheria ni za kweli. Matete na majani ya ufukweni huchuja tope. Samaki huzaliana humo. Ukifyeka na kulima mpaka majini, mvua ya kwanza inabeba udongo pamoja na mbolea uliyonunua kwa fedha, vyote vinaingia ziwani. Mbolea ile inalisha magugu maji. Tangu magugu hayo yalipoonekana ziwani karibu na mwaka 1990, wavuvi wanajua yanavyofunga mialo na kunasa nyavu.

Tena ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mwaka 2020 maji yalipanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964. Mwaka 2024 yakapanda tena. Waliokuwa wamepanda ufukweni waliona matuta yao yakigeuka makao ya kambare. Hapo haikuhitajika sheria yoyote, ziwa lilijichukulia lenyewe.

Kwa hiyo bustani isogee juu. Lakini ikisogea juu, nani atapandisha maji? Ndoo tumeshaikataa kwa hesabu. Inabaki pampu, au mfereji, au lambo. Na vitu hivi vitatu vinataka fedha ambazo mkulima mmoja hana.

JE, MAJI YA ZIWA NI YETU?

Kabla ya fedha, kuna swali linaloulizwa sana vijijini. Wapo wanaosema tusiguse maji ya Ziwa Viktoria kwa sababu ni ya Misri, eti wazungu walishayagawa. Maneno haya yana chanzo. Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana na Misri kwamba katika nchi ilizozitawala zisijengwe kazi za umwagiliaji zitakazopunguza maji ya Mto Nile bila Misri kukubali. Sisi tulikuwa chini ya Waingereza, hatukuulizwa. Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika huru haifungwi na karatasi hiyo. Baadaye, mwaka 2010, nchi za bonde la Nile zilianza kutia saini mkataba mpya kule Entebbe, Uganda, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza. Mkataba huo ulianza kutumika Oktoba 2024. Misri na Sudan hazikuutia saini.

Basi maji tunaruhusiwa kuyatumia, lakini kwa utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ni mali ya umma. Kuchota kwa matumizi ya nyumbani hakuna kibali. Kuchepusha mto, kujenga bwawa au kuvuta maji kwa pampu ya shamba kunataka kibali cha kutumia maji. Kwa upande wetu kibali kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ofisi yake iko Mwanza mjini. Kibali kinaandika kiasi cha maji mtakachovuta. Hapo ndipo hesabu ya lita 20,000 inapokuja kuwafaa. Mkienda ofisini hamjui mnataka lita ngapi, mtarudishwa.

FEDHA ZINAPITA WAPI

Njia ni zaidi ya moja, na kila njia ina masharti yake.

Kwa kikundi kidogo kinachotaka pampu, njia ya karibu ni mkopo wa halmashauri. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirudishwi na vikundi vingine vilikuwa vya majina tu. Mwaka 2024 ukarudishwa. Neno "hauna riba" wengine wanalisoma kama "haurudishwi". Hapana. Ukikopa shilingi milioni 3 utarudisha milioni 3.

Na pampu nayo inakula. Tuseme pampu yenu inatoa lita 10,000 kwa saa na inakunywa lita 1 ya petroli kwa saa. Eka moja itataka saa 2, yaani lita 2 kwa siku. Nyanya zikikaa siku 90 shambani, ni lita 180. Zidisha kwa bei ya petroli ya kituo chenu, ndipo mjue kama nyanya zitalipa. Ukitandaza majani makavu shambani na kumwagilia asubuhi au jioni, maji yanayopotea kwa jua ni machache na lita zinapungua. Pampu ya umeme wa jua haili petroli, ila bei yake ya kununulia ni kubwa, na isipolindwa usiku mtaamka hamna.

Kwa kaya maskini zilizo katika mpango wa TASAF kuna miradi ya ajira ya muda. Wanakijiji wanachimba lambo au wanajenga makingamaji, wanalipwa ujira, na kazi inabaki kuwa ya kijiji. Fedha inaingia mfukoni na lambo linabaki ardhini. Hii naipenda kuliko nyingi.

Kazi kubwa, kama banio la mto na mifereji ya zege, ni za Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Tume imewekwa na Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013, na sheria hiyo hiyo imeanzisha Mfuko wa Maendeleo ya Umwagiliaji. Bajeti ya umwagiliaji ya serikali ilipanda kutoka shilingi bilioni 46.5 mwaka 2021/22 hadi bilioni 361.5 mwaka 2022/23. Katika mkoa wetu skimu zipo, kama ile ya Mahiga wilayani Kwimba na ya Katunguru wilayani Sengerema. Lakini mpunga mwingi wa Usukumani bado unalimwa katika majaruba yanayongoja maji ya mvua. Mvua ikikosa, jaruba ni uwanja wa mpira.

Kwa ndugu zetu wa Simiyu kuna mradi mwingine. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wa dunia ulikubali kutoa Yuro milioni 102 na zaidi. Kazi yake ni kupeleka maji ya ziwa Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, na pamoja na hayo kuwasaidia wakulima wadogo wa huko kuhimili ukame.

Mzee mmoja wa upande wa Magu alimwuliza bwana shamba swali katika mkutano wa kijiji. Nimelipenda, nalileta hapa.

"Mwanangu, hizo pampu zikifika, zikiharibika nani ananunua spea?"

"Ninyi wenyewe, mzee wangu. Mtachanga ada."

"Na mfereji ukijaa mchanga?"

"Mtazoa wenyewe, mzee."

"Sasa mbona hukuanza na hayo? Umeanza na magunia tutakayovuna!"

Watu walicheka, lakini mzee aligusa penyewe. Skimu ikikamilika wakulima wanaingia katika umoja wa wamwagiliaji, na kila msimu wanalipa ada ya huduma. Isipolipwa, geti la maji likivunjika linabaki limevunjika.

MCHANGA UNATOKA JUU

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalihesabu. Mfereji haufi kwa kukosa saruji. Unakufa kwa mchanga na tope. Mchanga unatoka mlimani ambako miti imekatwa kwa mkaa na ng'ombe wamekanyaga majani mpaka udongo umebaki uchi. Mvua ikipiga, udongo wa luseni unateremka, unaingia mtoni, unaingia kwenye banio, unakaa. Lambo lisilolindwa nalo hujaa vivyo hivyo. Leo mnachimba mita 3, baada ya miaka kadhaa limebaki sahani.

Ndiyo maana fedha za umwagiliaji na fedha za kuhifadhi ardhi ni ndugu wa tumbo moja. Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria uliolipiwa na Benki ya Dunia ulianza mwaka 1997, na awamu yake ya pili ilianza mwaka 2009 hadi 2017. Awamu ya pili iliweka mkazo katika bonde la Mto Simiyu, mto unaobeba tope jingi na kulimwaga katika Ghuba ya Speke. Vikundi vya vijiji vilipewa fedha za kupanda miti na kuzuia mmomonyoko.

Lakini wazee wetu wana sababu ya kutazama miradi ya hifadhi kwa jicho la pembeni. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mradi wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya, Kwimba. Malambo yalichimbwa, na hilo lilikuwa jema. Pamoja na malambo zikaja amri. Mkulima alilazimishwa kufunga matuta kwa kipimo, kutia samadi kwenye sehemu ya shamba, na kupunguza ng'ombe. Asiyetii alitozwa faini au alifungwa. Matuta ya kufungiwa yanashika maji kweli, hata leo bwana shamba atakuambia uyafunge. Ila mtu akipigishwa jembe kwa nguvu hulichukia hata jembe jema. Wasukuma waligoma, siasa za kudai Uhuru zikapata nguvu humo, na TANU ikazuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Amri zenyewe zilikufa kabla ya Uhuru.

Linganisha na Shinyanga. Miaka ya ukoloni miti ilikuwa imefyekwa ili kuua mbung'o, halafu mashamba ya pamba, mifugo na kuni vikamaliza iliyobaki. Kufikia miaka ya 1980 watu waliita mkoa ule jangwa la Tanzania. Mwalimu Nyerere alipita huko mwaka 1984 akasikitishwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa fedha za serikali yetu na za Norwei. Mwanzoni walipeleka miche. Baadaye wakasikiliza wenyeji. Wenyeji walikuwa na ngitili, yaani kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Ngitili haihitaji mche wa kununua. Unafunga tu, visiki vinachipua vyenyewe. Sheria zake zilitungwa na kijiji, na zililindwa na sungusungu na baraza la jadi, dagashida. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mwaka 2004 zilikuwa zimefika hekta 350,000 hivi, katika vijiji 833. Kuni zilirudi karibu na nyumbani. Nyasi za kuezekea, asali na dawa za miti zikapatikana tena, na chemchemi nyingine zikarudi.

Ardhi ni ile ile, Wasukuma ni wale wale. Tofauti kubwa ni nani aliyetunga sheria.

Hata nchi tajiri hazikwepi jambo hili. Marekani mwaka 1935, baada ya upepo kubeba udongo wa mashamba yao mpaka jua likafichika mchana, iliunda idara ya serikali ya kuhifadhi udongo. Katika majimbo yao ya jangwa kama Arizona, ambako bila mfereji hakuna hata jani, mkulima anaweza kuingia mkataba na serikali. Serikali inalipa sehemu ya gharama za kusawazisha shamba, kujengea mfereji usivuje, au kuweka mabomba ya matone. Mkulima analipa sehemu iliyobaki, na mkataba unasema kazi itatunzwa miaka mingapi. Asipotunza anaweza kudaiwa. Kumbe na huko fedha ya serikali haiji bila karatasi.

KARATASI HIYO ISOMWE

Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Zamani tulipoletewa karatasi tulibonyeza dole gumba kwenye wino, basi. Leo usitie saini siku ile ile. Omba nakala. Ikiwa imeandikwa kwa lugha usiyoijua, dai ya Kiswahili. Isomeni katika kikundi, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakifuata kwa kidole.

Tafuteni kwanza shamba ni la nani. Mfereji ukipita, ardhi kavu ya juzi inakuwa na thamani, na wenye fedha wa mjini huinusa upesi. Majina ya wenye mashamba na ukubwa wa eka zao yaandikwe katika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji kabla trekta halijafika. Mjane aandikwe kwa jina lake, si la shemeji. Nimeona mahali ambapo mama alilima jaruba miaka kumi na miwili, na siku ya kugawa vipande vya skimu jina lililosomwa lilikuwa la kaka wa marehemu mumewe, ambaye hakuwahi kushika jembe pale. Mama hakuwa na karatasi hata moja. Alipewa kipande mwisho wa mfereji, maji yanapofika siku yakipenda.

Kisha tafuteni mchango wenu. Je, ni fedha, mawe na mchanga, au siku za kazi? Kama ni siku za kazi, ni ngapi kwa kila kaya? Tafuteni ada ya msimu ni kiasi gani na nani anashika daftari. Mweka hazina na mtunza ufunguo wa geti wasiwe mtu mmoja. Angalieni pia mipaka ya eneo la kuhifadhi juu ya mto. Ikiwa mkataba unafunga malisho ya kitongoji cha juu ili kitongoji cha chini kivune mpunga, watu wa juu wanapata nini? Wasipopata kitu, usiku watakata miti, na tope litawafuata ninyi wa chini.

ZOEZI LA KIKUNDI

1. Bustani ya kikundi ina nusu eka. Itataka lita ngapi kwa siku? Ni ndoo ngapi za lita 20?

2. Pampu inatoa lita 5,000 kwa saa. Iwashwe saa ngapi kumwagilia nusu eka hiyo?

3. Pimeni kwa kamba mita 60 kutoka ufukweni, au kutoka mtoni kwenu. Ni bustani ngapi ziko ndani ya kipimo? Za nani? Zikihamishwa, zihamie wapi?

4. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji mwombe kusoma muhtasari wa mkutano mkuu uliopita. Je, kuna jambo la maji au ardhi lililoamuliwa ambalo ninyi hamkulijua?

Majibu ya hesabu: swali la 1, lita 10,000 na ndoo 500. Swali la 2, saa 2.